Hofu ni Kwenu

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Leo Daktari Machibya ameingia chumbani kwangu bila kubisha hodi, amekumbatia rundo la karatasi za printa mpaka kidevuni, akalibwaga mezani. "Mama Wilhelmina, nitafutie humu ombi la chanjo la Magu. Wanasema walilituma wiki iliyopita."

Nililipata, limebanwa katikati ya salamu za mtu kwa shemeji yake na tangazo la semina ya Arusha. Daktari hakunifokea. Alisema tu kwamba anamwita fundi kutoka Musoma aje atufungie programu ya kuchambua barua, kisha akatoka. Afadhali angenifokea.

Naogopa, na ninaandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Nilikuwa mpokea simu za maandishi, zile telegramu za posta, kwa miaka mingi, mpaka walipotupunguza kazini. Najua mambo huanza hivi hivi. Kwanza inaletwa mashine ya kukusaidia.

Jumanne, 14 Oktoba

Fundi amefika. Anaitwa Otuoma, mrefu, ana shati la mikono mifupi lenye kalamu nne mfukoni na maneno mengi kuliko kalamu. Nilidhani atakaa na Daktari, kumbe amekuja kukaa na mimi.

"Dada, mimi naondoka baada ya siku chache," alisema. "Huu mtambo utabaki na wewe. Kwa hiyo amri utaziandika wewe, mimi nitakushika mkono tu."

Ofisi yetu hapa Mkuyuni, Mwanza, hupokea barua kutoka zahanati za mradi: Magu, Nansio, na kisiwa kidogo cha Kabule, ambacho wenyewe wengine hukiita Kabure na hakuna anayegombana. Kila zahanati ina kompyuta na redio inayorusha maandishi. Wanachoandika huko asubuhi, mimi nakipata hapa saa nne. Redio ya kuongea ya Kabule iliharibika mwaka jana, na wafadhili walisema haina haja tena. Kabule ndiko aliko mdogo wangu Teodora, nesi wa zahanati.

Tatizo ni kwamba watu wameijua njia. Mvuvi wa Kabule akitaka kumsalimu binti yake aliyeolewa Igoma, anamwendea nesi. Nesi atamkatalia vipi? Kwa hiyo barua moja ya kazi inakuja na salamu ishirini nyuma yake, zote zinatoka kwenye printa moja, na mtu wa kuzisoma ni mimi.

Otuoma amenieleza hivi. Naandika amri moja moja, kutoka juu kwenda chini, kila amri na maneno yake. Barua ikifika, programu inaiuliza amri ya kwanza: hii ni yako? Ikikubali, imeichukua, na zilizo chini haziulizwi kitu. Ikikataa, inaulizwa ya pili. Nikamwambia hilo ni chekeche, mashimo makubwa juu na madogo chini. Alicheka sana, na tangu hapo ofisi nzima inaiita Chekeche.

"Na amri ikikosea?" nilimuuliza.

"Amri haikosei, dada. Hiyo ni kama punda, inabeba ulichoipakia."

Alhamisi, 16 Oktoba

Tumeweka masanduku matatu ndani ya programu. La kwanza ni Haraka: barua ikiingia humo inachapwa palepale na kengele ya umeme inalia ukutani. La pili ni Kazi, la kusomwa kila jioni. La tatu ni Jumamosi, la salamu na mambo ya nyumbani. Daktari ameagiza hili la tatu lisiguswe siku za kazi, ndugu watakuja kuchukua barua zao Jumamosi.

Maneno ya Haraka nimeyachagua mwenyewe: kipindupindu, kuharisha, kutapika, damu, dripu, amefariki, hatari. Nikaongeza na hofu. Otuoma aliniuliza kwa nini hofu. Nilimwambia mtu akiandika ana hofu, ni lazima mtu mwingine asome.

Kesho anarudi Musoma. Natamani asiende.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeaibika.

Daktari alikuwa na wageni kutoka Dar, watu wawili wa wafadhili, akawaleta chumbani kwangu waone Chekeche inavyofanya kazi. Saa nne redio ikaanza kupokea. Kengele ikalia. Daktari akasema, "Mnaona?" Kengele ikalia tena. Ikalia tena. Printa ikashika moto, kengele haikupumzika, mgeni mmoja akaziba masikio. Daktari aliivuta karatasi ya kwanza kwa nguvu, akaisoma kwa sauti: "Sisi huku ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu." Ya pili: "Hatujambo, hofu ni juu yako wewe na watoto." Ya tatu vilevile.

Wageni walicheka. Daktari naye alicheka, lakini hakunitazama tena usoni. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mtu mzima, niliyefundishwa kuandika barua darasa la tatu, nimesahau kwamba hakuna barua ya Kiswahili isiyo na hofu ndani yake.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Hofu siwezi kuiondoa kabisa, mtu anaweza kuitumia kwa kweli. Basi nimeandika amri mpya: barua yenye hofu na yenye wazima au hatujambo, zote mbili pamoja, ni salamu, iende Jumamosi. Nikaiweka juu kabisa, ili izidake salamu kabla kengele haijaziona.

Nikaijaribu kwa barua zote za mwezi uliopita. Hakuna hata moja iliyokwenda pasipo pake. Niliruka kidogo kwenye kiti. Nimekunywa chai mbili.

Jumatatu, 27 Oktoba

Daktari hakuridhika na amri pekee. Amewatumia waraka wahudumu wote: barua za kazi zisiwe na salamu, waandike jambo lenyewe moja kwa moja. Aliniomba niuandike mimi, kwa kuwa nimetoka kwenye simu za maandishi, ambako kila neno lililipiwa na mtu alikuwa anaandika MAMA MGONJWA NJOO, basi. Niliuandika kwa raha. Nilikuwa fundi wa hilo.

Alhamisi, 30 Oktoba

Majibu yamefika. Magu: "Tumeelewa." Nansio: "Sawa." Teodora ameandika sentensi nyingi zaidi, ndivyo alivyo:

"Dada, mimi nimeelewa, ila huyu msaidizi wangu Revocatus nimemwambia asisalimu akaniangalia kama nimemtuma sokoni bila nguo. Anasema wewe ni mkubwa kwake, ataanzaje na shida kabla hajakusalimu? Nimemwambia barua za kazi nitaandika mimi mwenyewe."

Revocatus simjui kwa sura. Teodora anasema ni kijana mpole, mtoto pekee wa mjane mmoja pale kisiwani, na anapika ugali mzuri kuliko yeye.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua. Ndugu wamekuja kuchukua salamu zao wamelowa, wakasoma barua wakiwa wamesimama barazani, wakicheka.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua.

Jumatano, 19 Novemba

Hii si mvua ya vuli tuliyoizoea. Redioni wanaiita kwa jina la Kizungu, na huku mitaani tayari limeshageuzwa: chochote kikubwa kupita kiasi ni Elinino. Nyumba tatu zimeporomoka mlimani juu ya Mkuyuni. Maji ya vyoo yanapita njiani, na watoto wanakanyaga. Nimechemsha maji ya kunywa mara mbili.

Daktari amesema neno ambalo wote tulikuwa tunalikwepa. Amesema kipindupindu kitakuja, swali ni wapi kwanza.

Jumatatu, 24 Novemba

Magu kwanza.

Kengele imelia saa nne na nusu, moyo wangu ukalia nayo. "Wagonjwa sita kuharisha maji ya mchele. Dripu chache. Leteni." Hakuna salamu, hakuna sahihi. Nilikimbia na karatasi kwa Daktari nikiwa na kiatu kimoja. Kufika saa sita gari lilikuwa limeondoka na makatoni ya dripu.

Jumatano, 3 Desemba

Magu wamepona karibu wote. Daktari ameniita mbele ya wafanyakazi akasema, bila Chekeche ile barua ingelala kwenye rundo mpaka jioni. Watu walinipigia makofi.

Sikujua kwamba nitawahi kuandika hivi, lakini nimeanza kuipenda. Asubuhi nikifika naipangusa vumbi. Mwezi wa kumi nilikuwa naiogopa kama mke mwenza, na sasa nikikaa kimya nikaona kengele imekaa kimya, najua watu wote niliopewa ni wazima. Sijawahi kuwa na kitu cha kuniambia hivyo.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, lakini tumefanya kazi. Mji umeshaingiwa, wodi zimejaa. Kengele imelia mara moja, Kabule, Teodora: "Wawili wanaharisha. Dripu kumi zipo. Naangalia." Daktari amesema dripu kumi kwa wagonjwa wawili zinatosha kwa sasa, na boti yetu inahitajika Nansio. Nimemjibu Teodora achemshe maji, kana kwamba yeye si nesi.

Jumatano, 10 Desemba

Kabule leo hakuna kengele. Imekuja barua moja tu, imekwenda sanduku la Jumamosi. Nimefarijika mno. Kama wana nafasi ya kusalimiana, basi hali si mbaya.

Alhamisi, 11 Desemba

Mvua na upepo. Kabule barua moja, Jumamosi. Kengele kimya. Nadhani Teodora ananiandikia habari za nyumbani, ana tabia ya kuniandikia vipande vipande. Nilitaka kuifungua, nikajizuia. Hata hivyo kulikuwa na karatasi za Nansio za kupeleka, na Daktari anapita kila dakika.

Ijumaa, 12 Desemba

Kabule moja, Jumamosi. Salamu tatu mfululizo, watu wazima kabisa wale. Nitazisoma zote kesho na chai.

Jumamosi, 13 Desemba

Nitaandika mambo kama yalivyotokea.

Saa tatu nilifungua sanduku la Jumamosi, nikachapa barua za watu kwanza kwa kuwa walikuwa wameshaanza kufika barazani. Za Kabule nikaziweka kando. Kisha nikakaa na chai nikaichukua ya Jumatano. Si Teodora aliyeiandika. Nainakili hapa, sitaki kukitegemea kichwa changu.

"Kwa Dada Wilhelmina, shikamoo. Natumaini hujambo na kazi zinaendelea vizuri. Sisi huku Kabule sote ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu huko mjini maana tunasikia mvua inabomoa nyumba. Mama yangu anakusalimu sana ingawa hamjaonana. Mvua huku ni nyingi lakini mihogo bado haijaoza. Ila nesi Teodora hajiwezi tangu jana jioni, anaharisha na kutapika. Na wagonjwa wameongezeka, wengine wamelala chini nje. Dripu zimekwisha. Naomba boti kama itawezekana. Samahani kwa usumbufu. Mimi Revocatus, msaidizi."

Ya Alhamisi:

"Dada shikamoo. Sisi ni wazima, hofu ni kwenu. Labda barua ya jana haikufika kwa sababu ya hali ya hewa. Nesi bado yuko hai, nampa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Wanne wametutoka. Ninaomba tena ile boti. Samahani."

Ya jana:

"Shikamoo. Sisi wazima hofu kwenu. Na mimi nimeanza."

Wazima. Hofu. Amri ya kwanza ilisoma maneno hayo mawili, ikasema hii ni yangu, na zilizo chini hazikuulizwa. Kuharisha kulikuwa ndani ya barua, dripu zilikuwa ndani, kutapika kulikuwa ndani. Maneno niliyoyachagua mimi mwenyewe yalikuwa humo, na hakuna aliyeyauliza.

Sikumbuki nilivyofika kwa Daktari. Nakumbuka alisoma akiwa amesimama, akakaa, akasoma tena. Alitoka akimwita Chenge, dereva wa boti. Chenge alitazama ziwa akasema limechafuka, wimbi la Ukerewe si la kuchezea. Tangu ile meli izame mwaka jana na mamia ya watu, mji huu haupandi chombo bila kusali.

"Tutakwenda?" Daktari alimuuliza.

"Tutakwenda," Chenge alisema. "Nasema tu limechafuka."

Niliomba niende nao. Daktari alisema kila kilo ya mwili wangu ni kilo ya dripu, na hiyo ni kweli. Wameondoka saa sita.

Kabla hawajaondoka, saa nne, redio ya Kabule ilijiunga kama kawaida. Ile kompyuta ya kule hujiwasha yenyewe kwa saa yake, hutumia umeme wa jua, haihitaji mtu. Ilijiunga, ikaandika kwenye kioo changu: Kabule, hakuna barua. Kisha ikazima.

Jumapili, 14 Desemba

Sikwenda misa. Nimekaa ofisini peke yangu toka asubuhi. Saa nne: Kabule, hakuna barua.

Naiogopa ile mashine ya kule. Iko ndani ya chumba chenye watu ambao labda wamekufa wote, na inafika kwa wakati wake kuniambia hakuna barua. Namwogopa Teodora akifa. Namwogopa akiishi akaniuliza. Wala sijui kama boti imefika, Chenge na Daktari wote wana watoto.

Nimeifungua amri ile nikaitazama. Ni mistari mitatu. Nilitaka kuifuta nikashindwa, nilihisi kama nafuta ushahidi.

Jumatatu, 15 Desemba

Kengele. Printa ilipoanza niliipa mgongo. Nikageuka.

"Machibya hapa. Tumefika salama. Teodora hai, dhaifu, anakunywa. Waliokufa tisa pamoja na msaidizi Revocatus, Jumamosi alfajiri. Leteni dripu zaidi na chokaa. Chenge anakuja."

Nimesoma Teodora hai, nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilikuwa nimeshamaliza kushukuru ndipo nikaona ule mstari mwingine. Nimeshukuru kabla ya kuufikia.

Alhamisi, 18 Desemba

Daktari amerudi, amekonda kwa siku chache. Nilimwendea nikamweleza yote: amri niliyoiweka juu, siku tatu nilizoona namba na kutofungua. Nilimwambia aniandikie barua ya kuniachisha kazi.

Daktari alivuta faili lenye waraka ule, akalifungua mbele yangu.

"Waraka wa kutosalimu una jina langu chini," alisema. "Na sanduku la Jumamosi nani alisema lisiguswe?"

"Ni wewe, Daktari."

"Basi. Tukianza kufukuzana hapa, nani atapokea barua kesho?"

Sikupata nafuu. Nilikuwa nimejiandaa kuadhibiwa, na sasa sijui nipeleke wapi mwili huu.

Jumatatu, 22 Desemba

Otuoma amekuja mbio kutoka Musoma baada ya Daktari kumwandikia. Hakuleta mzaha safari hii. Alisoma amri zangu zote kutoka juu mpaka chini, kidole kikifuata kioo.

"Hakuna kosa hapa," alisema. "Zimeandikwa vizuri."

"Usinifariji, Otuoma."

"Sikufariji, dada. Ningekuta kosa ningelirekebisha, tukamaliza. Hapa kila amri imefanya ilichoambiwa. Ni mpangilio tu."

Alichukua mistari yangu mitatu ya juu akaishusha chini kabisa, na neno hofu akalitoa kwenye Haraka ili kengele isililie salamu. Kazi ya muda wa kumeza mate. Kisha akasema ni lazima tujaribu kwa barua ya kweli, na kabla sijaelewa anafanya nini, alikuwa ameichukua barua ya Revocatus ya Jumatano akaipitisha upya.

Kengele ililia. Printa ikaanza: Kwa Dada Wilhelmina, shikamoo.

Nilitoka nje kwenye mvua. Otuoma alinifuata akasimama karibu yangu, akasema pole, dada, pole sana, sikufikiri. Tulilowa wote wawili. Mlinzi alidhani tumegombana.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mvua. Sikupika.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Teodora ameandika yeye mwenyewe. Anasema ameanza kutembea mpaka ziwani na kurudi. Anasema pale kisiwani watu wanasema ni ziwa lililochelewesha boti, kwa ule upepo, na hawana kinyongo na mtu.

Upepo ulikuwepo kweli. Boti ingeweza kuchelewa kweli. Ziwa limebebeshwa mengi, halitakataa na hili. Kisha nikamjibu mdogo wangu nikamwambia kila kitu, hata ile chai niliyotaka kunywa.

Jumatatu, 5 Januari

Saa nne. Teodora: "Nimesoma. Njoo."

Nimelisoma neno njoo mpaka limepoteza maana. Anaweza kuwa ameliandika kwa upendo au kwa hasira, maandishi ya mashine hayana uso. Sasa ndiyo naelewa salamu zilikuwa za nini.

Alhamisi, 8 Januari

Siku hizi sikai tena kungoja kengele. Nasoma barua zote, za masanduku yote, mpaka mwisho. Mtu akiandika sisi ni wazima, moyo unanidunda mpaka nilifikie neno ila, na nikilifikia nafumba macho kwanza. Leo ilikuwa: ila sukari imetuishia. Nimelia kama mjinga kwa ajili ya sukari ya watu nisiowajua.

Jumamosi, 17 Januari, Kabule

Nimekuja na Chenge. Ziwa limetulia, na mimi nimetapika njia nzima. Ndani ya boti nilipanga maneno ya kumwambia mama wa Revocatus. Niliyapanga kama nilivyokuwa napanga simu za maandishi, mafupi, yasiyo na pa kujificha.

Teodora alinipokea ufukweni. Mikono yake imebaki mifupa. Alinikumbatia, akatangulia. Tulipofika kwenye njia ya kupanda alisema tu, "Hajui. Nimeona si mimi wa kumwambia."

Mama Revocatus alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, anamenya mihogo. Ni mwanamke mfupi, mdogo kuliko nilivyomfikiria, hajanizidi miaka mingi.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Habari za Mwanza?"

"Nzuri, mama."

"Habari za safari? Ziwa halikuwasumbua?"

"Halikutusumbua."

"Na mvua za huko? Tulisikia nyumba zinaanguka. Ndugu zako wazima?"

"Wazima, mama. Nanyi huku?"

"Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu," alisema, kisu kikiendelea na muhogo. "Ila ndiyo hivyo, Revocatus ametutoka."

Aliniambia kana kwamba ni habari ambayo huenda haijanifikia. Nilisema pole, mama. Nilianza, "Mama, mimi ndiye Wilhelmina, ile barua..."

"Nakujua," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa unaandikiwa. Teodora ananiambia aliandika mpaka siku ya mwisho, hata alipokuwa hawezi kukaa."

"Aliandika, mama. Mara tatu."

"Alisalimu kwanza?"

Teodora aliinamisha kichwa.

"Maana nilisikia ofisi yenu haitaki salamu," aliendelea. "Tukabishana hapa hapa tulipo. Nikamwambia, wewe mwanangu, huwezi kumvamia mtu mkubwa kwa shida zako kama jogoo. Msalimu kwanza."

"Alisalimu, mama. Zote tatu. Na salamu zako alizileta."

Alitikisa kichwa polepole, akatabasamu. Nilikuwa sijaona mtu akijivunia mtoto namna ile. Aliuchukua muhogo mwingine.

"Nawe ulimjibuje?"

Aliuliza kwa wema tu, kama mtu anayeomba asimuliwe habari mpaka mwisho. Nilikaa chini kwenye udongo wa uwanja wake.

"Sikumjibu, mama."

Kisu kikasimama. Akaniangalia, akangoja nimwambie kwa nini.